Ua la Tulipu na Somo Lake Katika Historia



Ukiwauliza watoto ua la tulipu ni la nchi gani, wengi watajibu Uholanzi, kwani ndivyo wanavyoona kwenye kalenda. Ukweli ni kwamba kabla ya kufika huko, ua hili lilikuwa limeshapendwa na kutunzwa katika bustani za Waislamu. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, ambako huota lenyewe baada ya theluji kuyeyuka.

Waajemi na Waturuki huliita lale. Kwa maandishi ya Kiarabu neno hilo lina herufi zilezile za Jina la Allah: alifu, lamu mbili na he. Kwa hesabu ya abjadi yote mawili hutoa 66, na neno hilali pia. Mafundi wa Dola ya Uthmaniya walilichora kwa wingi, na mpaka leo linaonekana kwenye vigae vya Msikiti wa Rüstem Pasha, Istanbul, uliojengwa karne ya 16.

Katika karne hiyohiyo ua hili lilivuka kwenda Ulaya. Inaaminika kuwa jina la tulipu limetokana na neno la kilemba, kwa jinsi ua linavyofanana nacho. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alihamia Leiden, Uholanzi, akalipanda huko.

Hapo tamaa ikaingia. Kufikia mwaka 1636 watu walikuwa wakiuziana kwa karatasi matunguu ambayo bado yamo ardhini. Muuzaji hana kitu mkononi, mnunuzi hajakiona. Februari 1637 bei ikaporomoka ghafla. Maua yaliyogombewa zaidi yalikuwa yenye michirizi ya rangi. Karne ya 20 ndipo ilipojulikana kuwa michirizi ile ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na wadudu vidukari. Kumbe watu walikuwa wakishindana kununua ugonjwa!

Lakini tusiwacheke Waholanzi peke yao. Istanbul nako, miaka ya 1718 hadi 1730, zama za Sultani Ahmed III na waziri wake mkuu Ibrahim Pasha, wakubwa walishindana kwa tulipu hata serikali ikalazimika kupanga bei za matunguu. Inasimuliwa kuwa usiku kobe waliwekewa mishumaa mgongoni watembee katikati ya maua. Kwa haki, zama hizo zilikuwa na kheri pia: mwaka 1729 Ibrahim Müteferrika alitoa kitabu cha kwanza katika kiwanda chake cha uchapaji. Ila mwananchi wa kawaida alikuwa akielemewa na kodi, na vita na Uajemi vilikwenda vibaya. Mwaka 1730 watu waliasi wakiongozwa na Patrona Halil. Waziri aliuawa, Sultani akaachia kiti.

Ua lenyewe halikuwa na kosa. Kosa ni israfu, na viongozi kufurahi bustanini huku raia wana dhiki.

Mwenye kuishi nchi za baridi anaweza kulipanda nyumbani na watoto wake. Tunguu hufukiwa kabla ya baridi kali, ncha ikitazama juu, kina cha sentimita 15 hivi, mahali pasipotuama maji. Kisha ni kungoja. Tulipu huhitaji wiki 12 au zaidi za baridi ndipo lichanue vizuri, na ndiyo sababu ni vigumu kulistawisha katika joto la pwani yetu.

Mtoto atauliza kila siku, "Mbona halioti?" Mwambie linafanya kazi chini ya ardhi. Walioliharakisha ili wapate utajiri walipata hasara. Aliyelipanda akasubiri, alipata ua.