Neno la Baraka katika Kiswidi

Yafaa kulitazama neno moja la kanisa la mbali. Waswidi wakitaka kusema "kubariki" husema välsigna. Shina lake halikuzaliwa kwao. Katika Kilatini signum ni alama, na signare ni kutia alama. Nao Wakristo wa kale walilitumia kwa kumtia mtu alama ya msalaba. Likavuka hata kwa watu wa Kaskazini, likawa signa.

Ansgar alifika Birka, mji wa wafanya biashara katika ziwa la Mälaren, kama mwaka 830. Rimbert, aliyeandika maisha yake, asimulia habari za bandari ya Schleswig, ya kuwa wengi walipokea alama ya msalaba kwa furaha, wapate kuwa wakatekumeni na kuingia kanisani. Lakini ubatizo wakauahirisha mpaka saa ya kufa, ili watoke duniani bila waa. Desturi hii iliitwa prima signatio, yaani kutiwa alama ya kwanza, na watu wa Kaskazini wakaifanya neno lao, primsigna. Mtu aliyetiwa alama aliweza kuchangamana na Wakristo katika biashara na vita, naye arudipo kwao akashika dini aliyoipenda. Je, ilikuwa imani, au ruhusa ya kupita sokoni tu? Pengine yote mawili. Wala mapadre hawakuwafukuza mlangoni, nami naona walifanya vema.

Hiyo väl iliyo mbele maana yake ni "vema", kwa mfano wa Kilatini benedicere, kunena vema. Basi neno moja lina mkono utiao alama na kinywa kinenacho mema. Katika Biblia ya Kiswidi ya mwaka 1541 limo.

Lakini signa pekee yake lilipotea njia. Vijijini likawa kuponya wagonjwa na ng'ombe kwa maneno ya kunong'ona, na kazi hiyo ikaitwa signeri. Nao wachungaji wa Kilutheri wakaipiga marufuku kama uganga. Ajabu, neno la msalaba kukatazwa na kanisa!

Välsigna lilisalia madhabahuni. Ibada ikiisha, padre wa Uswidi hulitamka hata leo katika maneno ya Hesabu 6, huku mkono wake ukiandika msalaba hewani.