Mpini wa Kisu cha Igogo

Igogo ni kata iliyo kusini ya kitovu cha mji wa Mwanza. Nyumba zake zimepanda mlima katikati ya majabali, na chini yake limelala Ziwa. Katika mitaa kama hiyo, ambako wengi hupata riziki yao kwa samaki, kisu cha kiwandani hakitupwi kwa kuwa mpini wake umepasuka. Plastiki huondolewa, mti ukatiwa mahali pake, na kisu kikaanza umri wa pili. Mpita njia hulihesabu jambo hilo kuwa alama ya ufukara. Historia ya chuma katika ufuo huu yasema vingine.

Kabla ya kuja wakoloni, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, katika nchi ya Uzinza na Geita, walikuwako Warongo, mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma na kuyafua. Majembe yao yalivuka yakaingia Usukuma na kuendelea kusini hadi Unyamwezi; yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka, na mengine yakatolewa mahari. La kuzingatia ni kwamba jembe lilisafiri bila mpini. Mhunzi aliuza chuma na ncha yake ya kupachikia, basi. Mti ulikuwa shauri la mnunuzi: aliuchagua mwenyewe, akauchonga kwa kadiri ya kimo na kiganja chake. Chuma kilikuwa mgeni; mpini ulikuwa mwenyeji wake.

Desturi hiyo haikufa tanuri za Warongo zilipozimwa na majembe ya Ulaya, wala reli ilipoingia Mwanza mwaka 1928 na kurahisisha safari ya bidhaa. Hata jembe la kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, katika miaka ya Ujamaa, lilifika dukani likiwa chuma kitupu. Hakuna mkulima aliyelalamika kwamba ameuziwa kitu nusu.

Aliyevunja mapatano hayo ni kisu cha kisasa. Mpini wake wa plastiki humiminwa ungali wa moto kuuzunguka mkia wa chuma. Hauna ribiti ya kung'olewa wala ufa wa kutia patasi. Umekusudiwa ufe pamoja na chuma chake, na ukitangulia kufa, chuma nacho chahesabiwa maiti.

Kisu hicho kiliingia Mwanza kwa wingi pamoja na biashara ya sangara. Samaki huyo, mgeni naye, alitiwa Ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikasimama viwanda vya kumchuna minofu iende Ulaya. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1991 lilitaka vifaa vya kazi, na visu vikatajwa, viwe vya kitu kisicholika kwa kutu, chepesi kuoshwa na kutiwa dawa. Kisha zikaja zuio: mwishoni mwa 1997 kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Baada ya misukosuko hiyo, nani angesimama kuutetea mpini wa mti?

Kanuni yenyewe si ya ovyo. Mti hunywa maji na damu, na ukipasuka huficha uchafu. Lakini mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, Dean Cliver, na wenzake walitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi: vijidudu vilivyotiwa juu ya vibao vya mti vilididimia ndani na vikawa havipatikani tena kwa urahisi, ilhali plastiki iliyochanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafisha. Huo ulikuwa utafiti wa vibao, si wa mipini. Hata hivyo watosha kumfanya mtu asite kabla ya kuuita mti uchafu.

Ama kazi yenyewe yataka subira kuliko nguvu. Plastiki hupasuliwa kwa msumeno. Anayeichoma motoni hupata moshi mbaya na kisu kibovu, kwa kuwa chuma kikipata joto kupita kiasi hupoteza ugumu, na makali hayakai tena. Kwa sababu hiyo hiyo, mkia unapotiwa moto ili ujichimbie tundu ndani ya mti, ubapa hufungwa kitambaa kibichi. Mpera ni mgumu na hupatikana uani, ila ukichongwa ungali mbichi utapasuka. Mninga hutulia, haufinyi sana unapokauka. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na huichosha tupa kabla haujachoka wenyewe. Pete ya bati au ya shaba hukazwa shingoni ili mti usichanike, kisha mpini husuguliwa msasa na kupakwa mafuta.

Wasomaji wa pwani, walioyaona majambia ya Oman yakithaminiwa kwa pembe ya kifaru iliyo mpinini kuliko kwa chuma kilicho alani, hawatashangaa kwamba mpini una hadhi yake. Tofauti ni kwamba ule wa Igogo hauonyeshi cheo cha mtu. Waonyesha upana wa kiganja chake, na kama atumia kushoto.

Wazee husema aliyeshika mpini ndiye bwana wa aliyeshika makali. Mchuna minofu kiwandani alishika mpini kutwa nzima, na haukuwa wake: ulikuwa wa kipimo kimoja kwa mikono yote, na jioni ulibaki kazini. Kisu kikishatiwa mti hakiruhusiwi kurudi humo. Minofu ilipanda ndege. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, vikabaki mjini, vikakaangwa na akina mama na kuliwa na wasiomudu mnofu. Huko ndiko kisu cha mpini wa mti kilikopata kazi, kikiwa kimelika kwa kunolewa hata kimekuwa chembamba, na mpinini kina alama iliyochomwa kwa msumari wa moto, ili jirani aliyekiazima asije akasema ni chake.