Kwani Kompyuta Nayo Ina Kipande?

Swali hilo si langu. Ni la nyanya yangu. Aliniuliza saa sita usiku, amesimama mlangoni na leso kichwani, kwa sababu nilikuwa nimepaza sauti: "ID yako si ni hii? Mbona hauonekani?" Alidhani naongea na polisi.

Wacha nieleze. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kodi sikuacha. Na sisemi kodi ya nyumba, wasee wa Majengo, hiyo ndiyo isiyoniacha mimi. Nasema kodi ya kompyuta. Usiku huo nilikuwa narekebisha tovuti ya mtu. Kitufe cha "Tuma" kiko pale kwa skrini, nakiona na macho yangu, lakini kila nikikiita kwa ID yake najibiwa null. Yaani hakuna kitu kama hicho.

Nikamwambia nyanya, kwa ukurasa wa intaneti vitu hupewa ID ndiyo uweze kuviita. Ndipo akauliza, "Kwani kompyuta nayo ina kipande?" Nilicheka. Lakini kwa wazee wetu ID bado inaitwa kipande, na hilo neno lina historia.

Tuanze na ya kompyuta. Unazijua zile nyumba za zamani za Majengo: mlango mmoja wa mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake. Ukurasa wa intaneti uko hivyo hivyo. Ndani ya ukurasa kuna boksi, ndani ya boksi kuna fomu, ndani ya fomu ndiko kitufe kinaishi.

Mwaka 1997 ilitoka brauza ya Netscape Navigator 4. Ukitaka kitu kilicho ndani ya tabaka, na hilo tabaka liko ndani ya lingine, ilibidi upige hodi kila mlango: document.layers["nyumba"].document.layers["chumba"]. Ukikihamishia chumba nyumba nyingine, kodi yako imekufa. Mwaka huo huo Microsoft wakaja na Internet Explorer 4, na wao wakawa na njia yao, document.all, ya kukiita kitu moja kwa moja. Kwa hivyo aliyetaka tovuti yake ifanye kazi kote aliandika kazi moja mara mbili.

Oktoba 1998, W3C, wale wanaoweka kanuni za wavuti, wakatoa toleo la kwanza la DOM. Humo ndimo ilimo getElementById. Jina lake ndiyo kazi yake: nipe elementi yenye ID hii. Haijalishi iko korido gani wala mzazi wake ni nani. Sharti ni moja, ID isirudiwe kwa ukurasa mmoja. Ukiirudia, brauza inakupa wa kwanza na yule wa pili anabaki kungoja.

Sasa hapo ndipo mambo yalirudi nyuma kidogo. Mwaka 2002 Microsoft walitoa ASP.NET, ya kutengeneza tovuti kubwa kubwa. Wakakutana na shida ya kweli: boksi moja likirudiwa mara 20 kwa ukurasa, utakuwa na vitufe 20 vyenye ID moja. Dawa yao ikawa kila kitufe kibebe majina ya wazazi wake mbele. Wewe umeandika Tuma, brauza inapokea kitu kama ctl00_Nyumba_Tuma. Ukiita Tuma peke yake, null. Kule kwa seva nako kulikuwa na FindControl, ambayo ilitafuta ndani ya boksi ulilosimama tu, haikuingia maboksi ya ndani. Ni mwaka 2010, kwa toleo la nne, ndipo mwandishi aliweza kusema: ID yangu iacheni nilivyoiandika.

Tovuti niliyopewa ilikuwa ya hiyo enzi. Kitufe kilikuwepo siku zote. Mimi ndiye nilikuwa nakiita kwa jina ambalo halikuwa lake tena.

Sasa ya nyanya. Sheria ya kuwasajili Waafrika wa Kenya ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa baada ya vita kwisha. Mwanamume Mwafrika akapewa karatasi yenye jina, kabila, wilaya, alama za vidole, na pia jina la mwajiri, mshahara, siku alipoanza kazi na siku alipoachishwa. Aliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Bosi asipotia sahihi kwamba amekuachilia, kupata kazi kwingine ni balaa. Ukitoroka, alama za vidole zinakufuata.

Soma hiyo tena. ID yenye jina la bosi ndani yake. Ni ctl00_Bosi_Juma, karibu miaka 80 kabla ya Microsoft.

Pumwani yenyewe ilianzishwa wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kama lokesheni ya Waafrika. Boksi la kuwekea watu, na kipande cha kuwaitia. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa, na kipande kilikuwa moja ya mambo aliyokuwa akiyapinga. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na palipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Walipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, alikuwa mmoja wa waliokufa.

Sheria ya kusajili watu wa rangi zote ilikuja mwaka 1947. Ilipofika zamu ya walowezi kuweka vidole kwa wino, walipiga kelele sana. Wanawake wa Kenya nao walianza kupewa ID baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978.

Kwa hivyo nilimjibu nyanya: ndiyo, kompyuta ina kipande. Na kipande hakimfaidi anayekivaa. Elementi haipati chochote kwa kuwa na ID, anayefaidika ni yule anayeita. Sisi baadaye tuliigeuza ile karatasi ya mwajiri ikawa kitu cha kupigia kura, kusajili laini na kufungua akaunti. Huo ulikuwa ushindi, na siwezi kuudharau.

Lakini binamu yangu ana miaka 19 na hana ID. Kila akienda kuomba anaambiwa alete karatasi za baba, halafu za babu. Babu alifariki, karatasi hazijulikani ziliko. Laini ya simu anayotumia ni yangu. Kibarua akipata, pesa zinaingia kwangu, ananiomba hela zake mwenyewe kama mtoto. Na si yeye peke yake. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, ambao walikua bila uhakika kama siku moja watatambuliwa kuwa Wakenya.

Kwa kodi tulishakubaliana tangu 1998 kwamba mtu aitwe kwa ID yake bila kupiga hodi kwa mzazi wa mzazi wake. Kwa maisha bado tuko Netscape 4.

Na null, wasee, haimaanishi kitu hakipo. Mara nyingi inamaanisha umeuliza vibaya. Nilipokipata kile kitufe sikukigusa hata kidogo, nilirekebisha swali. Binamu yangu yuko hapa kwa korido saa hii, anachaji simu. Kesho tunaenda tena, mara ya nne. Nyanya amesema safari hii anakuja mwenyewe, na kipande chake mkononi.