Mbwa na Amri za Mji

Wenye madaftari yafungueni, na mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya mawili: MBWA KOKO. Mbwa koko ni mbwa azururaye, asiyejulikana mwenyewe. Leo twataka kujua amri za kufuga mbwa zilikuta nini katika mji wa Dar es Salaam, na kwa nini zilikuwa nyepesi kwa mtaa mmoja na ngumu kwa mtaa mwingine.

Kwanza tazameni mji wenyewe. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Waingereza iliugawa mafungu matatu kwa kanuni za ujenzi. Fungu la kwanza, Uzunguni, lilikuwa la nyumba za namna ya Kizungu, zenye bustani na nafasi kubwa. La pili, Uhindini, lilikuwa la maduka. La tatu lilikuwa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walioitwa Carrier Corps. Ndimi zetu ziliyageuza maneno hayo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja.

Mbwa wa Uzunguni alikuwa na ua wa kumzuia, na mtumishi wa kumlisha na kumtembeza. Ukisema mbwa afungwe mchana na avalishwe mkanda shingoni, bwana wake haoni taabu, maana anayefanya kazi hiyo ni mtu mwingine.

Haya, sasa mtie mbwa huyo katika nyumba ya Kariakoo. Unaijua nyumba hiyo: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na uani jiko na choo cha wapangaji wote. Atalala wapi? Tena wenyeji wengi walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo huoshwa kwa udongo. Dini haikukataza mbwa wa kuwinda wala wa kulinda mifugo, lakini katika ukumbi wa watu sita hakuna mifugo ya kulindwa. Basi Kariakoo ilikuwa na amri yake yenyewe, isiyoandikwa mahali: mbwa havuki kizingiti.

Akabaki nje, na nje kulikuwa na soko. Kwenye soko kuna mifupa ya buchani, matumbo ya samaki na makombo ya mama ntilie. Mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya la ghorofa lililochorwa na Beda Amuli, lakini jengo jipya halimzuii mbwa ikiwa taka zimelala nje. Mimi naona watu wengi humtupia mbwa mawe ambayo yangestahili kutupiwa jalala.

Sasa tuje kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930 inasema kwamba ni kosa mtu kutochukua hadhari juu ya hatari iwezayo kuletwa na mnyama aliye naye. Angalieni vizuri. Haisemi mbwa asiume. Mbwa hasomi Gazeti la Serikali! Inasema nawe, mwenye mbwa. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeongeza upande wa pili, kwamba mnyama naye asiteswe.

Kwa nini mambo haya yana uzito? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Huko Kenya kiligunduliwa mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa kando ya Nairobi. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna aponaye. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa ilijaribiwa na Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885, kwa mtoto wa miaka 9, naye akapona. Lakini kwa miaka mingi serikali za miji zilipendelea dawa nyingine: risasi na sumu. Mbwa waliuawa, nafasi zao zikajazwa na mbwa wengine wasiochanjwa, ugonjwa ukaendelea.

Halafu utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha jambo la ajabu kidogo. Mbwa wengi tuwaitao koko wana wenyewe. Mtu humlisha jioni, mchana humwachia barabara, na akiuma mtoto wa jirani, mtu huyo hamjui tena.

Basi njia iliyofaa ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Kisiwani Pemba kampeni zilianza mwaka 2010. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliletwa tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja upya, na kufikia 2018 ukaondoka.

Siku ya chanjo mbwa wa mitaa mbalimbali, wasiojuana, hukusanyika mahali pamoja, na hapo adabu inahitajika kweli. Mbwa wako aje na kamba au mnyororo, akishikwa na mtu mzima, usimtume mtoto. Simama mbali na mbwa wa mwenzio. Aliye mkali mfunge mdomo kwa kitambaa kabla bwana mifugo hajamgusa. Jike lenye joto usilichanganye na madume. Mwambie bwana mifugo alichanje kando. Watoto wa mbwa nao waletwe, wasiachwe nyumbani. Kadi ya chanjo iweke pamoja na karatasi zako nyingine za maana.

Na mtu akiumwa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano, hata kama kidonda ni kidogo kama mkwaruzo wa mwiba.

Kabla hamjafunga madaftari, fanyeni hesabu hii. Mtaa una mbwa 40. Wangapi wachanjwe ili wafike 70 katika kila 100? Jibu ni 28. Sasa wahesabuni wa mtaa wenu, mkiandika mbele ya kila mbwa jina la mtu anayemlisha.