Virusi Viwili na Kinywa Kimoja: Historia Fupi ya Istilahi

Historia ya istilahi za tiba katika Kiswahili haiwezi kuelezwa vema bila kuutaja mwaka 1983. Mwaka huo, mjini Paris, Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao walitangaza virusi ambavyo baadaye vilithibitika kuwa ndivyo viletavyo UKIMWI. Mwaka huohuo, nchini Ujerumani, Harald zur Hausen na wenzake walieleza aina ya 16 ya virusi vya papiloma, waliyoikuta katika saratani ya mlango wa kizazi. Na mwaka huohuo, mkoani Kagera, walitambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Mabingwa hao watatu wa Ulaya walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi majina ya virusi hivyo viwili yalivyoingia katika Kiswahili kwa njia tofauti, na hatari inayomkabili mfasiri vinapokutana katika kinywa cha mgonjwa mmoja.

Ugonjwa wa Kagera ulipewa jina na wananchi kwanza. Wengine waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya mpakani. Baadaye likatokea jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, likaenea upesi kwa kuwa linatamkika kama neno letu wenyewe. Neno virusi nalo, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya sumu, lilipata bahati ya pekee: silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, ikazaliwa kirusi kwa umoja.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama. Katika mazungumzo ya kila siku, kusema kwamba fulani “ana virusi” ni kusema kwamba ana VVU. Neno la jumla limefinywa likawa la ugonjwa mmoja. Tena, VVU ni Virusi vya UKIMWI. Jina hilo lamtambulisha mtu kwa ugonjwa ambao, akitumia dawa ipasavyo, huenda asiupate kamwe.

Papiloma ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1933, nchini Marekani, Richard Shope alieleza virusi vilivyoleta vivimbe vya ngozi kwa sungura wa mwituni. Neno lenyewe limeundwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya chuchu na kiishio cha Kiyunani cha uvimbe. Yumkini msomaji atauliza: kwa nini tusiviite virusi vya chunjua, maadamu neno chunjua tunalo? Jibu ni kwamba aina zinazojulikana za virusi hivi kwa binadamu zinazidi 200, na aina ya 16, iliyo ya hatari zaidi, kwa kawaida haioti chunjua inayoonekana. Jina hilo lingemfanya asiye na chunjua ajidhanie salama. Kwa hiyo neno papiloma lastahili kubaki.

Habari za kinywa zilianza mapema. Mwaka 1983 watafiti wa Ufini, wakiwamo Kari na Stina Syrjänen, walitoa hoja kwamba virusi hivi huenda vinahusika na baadhi ya saratani za kinywa. Mwaka 2000 Maura Gillison na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba uhusiano huo una nguvu zaidi kooni, hasa katika tezi za koo. Uchunguzi uliofanywa nchini humo mwaka 2009 hadi 2010 ulikuta virusi hivi vinywani mwa asilimia 6.9 ya watu wa umri wa miaka 14 hadi 69. Aina ya 16 ilikuwa asilimia 1 tu.

Kwa wenye VVU virusi hivi huonekana mara nyingi zaidi, na hukawia kuondoka kwa kuwa kinga imepungua. Na mwaka 2001 ilitangazwa kutoka San Francisco kwamba, baada ya dawa mpya za kupunguza makali kuenea, maradhi mengine ya kinywa yalipungua, lakini chunjua za kinywani ziliongezeka.

Basi tofauti baina ya mwenye VVU na asiye navyo ni ya kiasi na ya muda, si ya asili ya virusi vyenyewe. Lakini daktari akimwambia mgonjwa, “Una virusi kinywani,” asiye na VVU atashtuka akidhani amepata UKIMWI, na mwenye VVU atadhani virusi vyake vimehamia kinywani.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, virusi vitajwe daima kwa jina kamili. Pili, maambukizi yasiitwe ugonjwa, wala saratani, kwani mara nyingi mwili huyaondoa wenyewe. Tatu, kinywa na koo vitenganishwe, na neno mdomo liepukwe, maana ni midomo ya nje pia.

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mfasiri akijikwaa, anayeumia ni mgonjwa.