RoboCop wa Pili: Chuma Kiliongezwa, Mtu Akasahauliwa

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Hawakuwa wakiwazungumzia wenye kampuni za sinema za Marekani, lakini methali hiyo inawakaa vizuri kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chao. Picha moja ikiuza, ya pili itafuata, na ya tatu itakuwa njiani.

Juma hili, ndugu msikilizaji, na wewe unayetusoma gazetini, nataka tuitazame asali mojawapo iliyochovywa mara ya pili. Ni sinema iitwayo RoboCop 2, iliyotoka Marekani tarehe 22 Juni 1990. Nathubutu kusema kwamba sababu ya sinema hiyo kutoifikia ile ya kwanza imo ndani ya sinema yenyewe. Walioitengeneza waliiandika wenyewe, wakaiigiza, wala wasiisikie.

Tuanze na ile ya kwanza. RoboCop ilitoka Julai 1987, kwa gharama ya takriban dola milioni 13. Hadithi iliandikwa na Edward Neumeier na Michael Miner. Mwongozaji, Paul Verhoeven, ni Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1938, na utoto wake ulipita katika vita, wakati Wajerumani wa Hitler walipoikalia nchi yake. Amesimulia kwamba alipoletewa hadithi hiyo aliitupa, akidhani ni upuuzi mtupu, mpaka mkewe alipoisoma na kumwambia kuna kitu ndani yake.

Kitu hicho kilikuwa mtu. Alex Murphy, askari polisi wa Detroit ya siku za usoni, anauawa kikatili na genge la majambazi. Kampuni kubwa iitwayo OCP, ambayo imepewa kandarasi ya kuendesha polisi wa jiji, inachukua kilichobaki cha mwili wake, inakivika chuma, inafuta kumbukumbu zake na kumrudisha mitaani kama mali ya kampuni. Kisha kumbukumbu zinaanza kurudi zenyewe. Anaingia katika nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe na mwanawe, anaikuta tupu, inatafutiwa mnunuzi. Risasi ni nyingi katika picha ile, lakini kinachobaki moyoni ni chuma kile kikitembea peke yake chumba hadi chumba. Mwishoni mkuu wa kampuni anamwuliza jina, naye anajibu: Murphy. Sinema inakwisha hapo hapo. Mtu aliyenyang'anywa jina amelirudisha mwenyewe.

Picha hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 53 Marekani peke yake. Kampuni ya Orion, mwenye mali, ikataka ya pili. Neumeier na Miner wakaanza kuiandika, lakini Machi 1988 waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani waligoma, na mgomo ukaendelea hadi Agosti. Wawili hao wakaweka kalamu chini, na kazi ikaenda kwa Frank Miller, bingwa wa vitabu vya katuni aliyempa Batman sura mpya mwaka 1986. Maandishi yake nayo yakatiwa mkono na mwandishi mwingine, Walon Green. Verhoeven alikuwa na shughuli ya Total Recall, iliyotoka wiki tatu tu kabla ya RoboCop 2. Usukani ukashikwa na Irvin Kershner.

Kershner hakuwa mtu wa kubezwa. Mwaka 1980 aliongoza The Empire Strikes Back, picha iliyofuata Star Wars, ambayo watazamaji wengi huiona bora kuliko ile iliyoitangulia. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba picha ya pili haiwezi kuwa nzuri. Mkono ulikuwepo. Kilichokosekana ni wale walioizaa hadithi. Hata muziki wa Basil Poledouris, uliomjulisha mtu aliye jikoni kwamba steringi ameingia, uliachwa, akaitwa mtunzi mwingine.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Karibu na mwanzo kuna tukio ambalo kwa maoni yangu linaweza kusimama bega kwa bega na lolote la mwaka 1987. Steringi wetu amekuwa akipita kwa gari karibu na nyumba ya mkewe, na mwanamke huyo amemtambua. Kampuni inaogopa kesi mahakamani. Wanamweka Murphy kikaangoni mpaka akubali kutamka kwamba yeye ni mashine tu. Kisha mke analetwa. Kati yao kuna wavu. Anapitisha vidole, anaugusa uso wa mumewe, unamjibu kwa ubaridi. Murphy anamwambia kwamba mume wake amekufa, na kwamba hamjui. Ni mtu anayelazimishwa na mwajiri wake kujikana mbele ya mwandani wake, na anakubali ili mwanamke yule apate kuendelea na maisha.

Hapo mtazamaji anakaa sawasawa kitini akingoja hadithi ianze. Haianzi. Mke yule haonekani tena mpaka mwisho. Badala yake tunapewa dawa ya kulevya iitwayo Nuke, kiongozi wa madhehebu ya wauza dawa aitwaye Cain, mtoto mdogo anayeendesha biashara hiyo, na risasi zaidi kuliko awali.

Na hapa ndipo lilipo jambo nililolitaja mwanzoni. Katika sinema hii OCP nao wanataka RoboCop wa pili. Wamejaribu mara mbili kwa askari wengine. Mmoja anawapiga risasi mafundi kisha anajiua. Mwingine anaivua kofia yake ya chuma na kufa. Wataalamu wao wenyewe wanaeleza kwamba Murphy alistahimili kwa sababu ya jinsi alivyokuwa: mtu wa familia, mtu wa imani, mwenye kuheshimu wajibu. Kampuni haitaki kusikia. Inauchukua ubongo wa Cain, jambazi na mtumwa wa dawa, inautia katika mashine kubwa zaidi, yenye silaha nyingi zaidi, na kuiongoza kwa dawa anayoitamani. Matokeo ni maafa.

Msikilizaji, ondoa jina la OCP uweke kampuni ya sinema. Chuma kiliongezwa, bunduki zikaongezwa, mtu akasahauliwa. Picha ya kwanza ilikwisha kwa jina. Ya pili inakwisha kwa utani kidogo kuhusu kuwa binadamu, jambo ambalo hadithi ilikwisha kuliacha nyuma ya ule wavu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mafundi wa Phil Tippett waliosogeza vinyago vya roboti picha moja baada ya nyingine walifanya kazi ya mikono ambayo hadi leo inapendeza. Aidha, picha hiyo ilionyesha Detroit ikishindwa kulipa deni lake, na kampuni ikijiandaa kulimeza jiji. Julai 2013 Detroit halisi iliomba mahakamani kutangazwa imefilisika, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18.

RoboCop 2 iliingiza takriban dola milioni 45 Marekani, chini ya ile ya kwanza. Orion wenyewe walifilisika Desemba 1991. RoboCop 3, bila mwigizaji Peter Weller, ilitoka kwao mwaka 1993 na kupata zaidi kidogo ya dola milioni 10. Asali ilikuwa imekwisha, wanalamba mtungi.

Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1990 tuliziona picha hizi kwa kanda za VHS zilizonakiliwa mpaka rangi zikachujuka, na tulizishangilia. Ukizipata leo, anza na ya mwaka 1987. Kisha iweke ya pili, uitazame mpaka mwanamke yule anapoondoka kwenye wavu, ujiulize hadithi ingekwenda wapi kama kamera ingemfuata. Hiyo ndiyo picha ya pili ambayo Murphy hakupewa.

Kwa juma hili naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.