Alama za meno mkiani: ugomvi wa wataalamu juu ya ndama wa nyangumi

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu marufuku ya kimataifa ya kuvua nyangumi kwa biashara ianze kutekelezwa. Mkazi wa Kibaha au Kisarawe anaweza kudhani hayamhusu. Lakini Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa wenye kisiwa cha Mafia, na Kisarawe ya zamani, kabla Mkuranga haijamegwa, ilishuka hadi pwani ya Kisiju. Kuanzia Julai, wakati wa kusi, nyangumi wa nundu hufika pwani yetu kutoka Antaktika, na wengine huzaa huku.

Mwaka 1963 nyangumi hao wa nundu walipewa ulinzi kusini mwa dunia, ila meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri. Hata hivyo, ubishi uliowagawa wataalamu ulimhusu adui mwingine: orka, yule nyangumi muuaji.

Mwaka 1999 watafiti Peter Corkeron na Richard Connor waliandika kwamba nyangumi huja bahari za joto ili kuwaepusha ndama na orka. Phillip Clapham akawapinga mwaka 2001, akisema ushahidi hautoshi kumpa orka uzito huo.

Ushahidi uliotafutwa ulikuwa mikiani. Nyangumi anayenusurika meno ya orka hubaki na mistari iliyokwenda sambamba, iliyoachana kadiri ya nafasi za meno. Mwaka 2007 Amee Mehta na wenzake, Clapham akiwemo, walilinganisha picha za mikia kutoka bahari nyingi. Wengi wenye alama walikuwa nazo tangu walipopigwa picha mara ya kwanza. Kwa wakubwa, makovu mapya yalikuwa nadra. Kumbe orka humwandama ndama, hasa katika safari yake ya kwanza. Na kovu ni habari ya aliyepona tu. Aliyeliwa hapigwi picha.

Mwaka 2015 Robert Pitman na wenzake walieleza jinsi orka wanavyoua ndama wachanga huko Ningaloo, Australia, katika maji hayohayo ya joto yaliyodhaniwa kuwa kimbilio.

Kwetu, papa potwe wa Kilindoni, Mafia, wameshapata jina, lakini nyangumi bado tunawaacha wapite bila mwenyeji. Hilo ni kosa. Nahodha wa Mafia mwenye simu anaweza kupiga picha ya mkia unaoinuka, na mtaalamu akatofautisha meno ya orka na kovu la kamba ya jarife, wavu wetu wa kuvulia. Mkoa uanze kuzikusanya picha hizo. Orka hatuwezi kumzuia. Jarife ni letu.